Wana Wanne, Mama Watatu

Kwani ulifikiri mama wa watu wangekaa nyumbani?

Kama wiki jana mwenye bucha alikufungia nyama kwa gazeti hili kabla hujamaliza kusoma, pole sana, shika hapa. Abshir, mtangazaji wa mpira wa Redio Roobdoon, yuko juu ya lori la kubebea ng'ombe, lori limeegeshwa kando ya uwanja hapa Garissa. Ni fainali ya Kombe la Mto. Daraja FC moja, Soko Mbuzi FC moja. Dakika ya sabini na moja mchezaji akaanguka kama gunia la mchele, asiinuke. Naye Abshir akatamka hewani, kwa ile sauti yake ya kukausha mate:

"Abdi Mohamed Ali yuko chini! Abdi Mohamed Ali hasogei! Machela, machela, machela!"

Haya. Kwenye karatasi za timu, Abdi Mohamed Ali walikuwa wanne.

Wawili wa Daraja, wawili wa Soko Mbuzi. Si kosa la mtu. Simama sokoni Garissa uite "Abdi Mohamed Ali!" uone. Hageuki hata mmoja. Kila mtu anajua anaitwa mwingine. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu akaturehemu na majina ya utani.

Na ndiyo maana, kabla machela haijafika katikati ya uwanja, lango la mashariki lilifunguka bila kufunguliwa na mtu.

Wa kwanza kuingia ni Edo Ebla, shangazi wa mtaa mzima, muuza maziwa ya ngamia, jerikeni bado mkononi, maziwa yakiruka. Wa pili alikuja na bodaboda mpaka ndani ya duara la kati, akashuka kabla haijasimama. Wa tatu alitoka harusini, mkono mmoja una hina, mwingine haujafikiwa, akiushika ule wenye hina juu kama mtu anayesimamisha basi.

Refa Adow alipiga filimbi.

"Filimbi ya nani hiyo?" alifoka wa harusini. "Mimi nimemzaa! Wewe umezaa nini hapa?"

Refa akaitoa filimbi mdomoni, akaifuta, akaitia mfukoni. Mpira ukasimama.

Juu ya lori, Abshir alihisi jasho likishuka mgongoni polepole, kama chungu anayetafuta njia.

"Umefanya kazi nzuri," alisema Hani, fundi wa mitambo, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli akilinda nyaya zake. "Bado nyanya zao. Wape dakika tano."

"Hani, nyamaza."

"Mimi nimenyamaza tangu dakika ya kwanza. Wewe ndiye ulishika maikrofoni ukaua watoto wanne wa watu kwa sentensi moja."

"Nimeambiwa nisome majina ya karatasi! Nimefanya nini zaidi?"

Na hapo alikuwa na haki, maskini. Asubuhi ile, meneja wa redio, Adeer Duale, yaani Ami Duale, alikuwa amemwita pembeni, amemshika bega kama baba mzazi.

"Abshir, leo kuna mgeni. Madam Amran, mkuu wa michezo wa kituo kikubwa cha Nairobi. Anatafuta mtangazaji mmoja kutoka huku. Mmoja tu. Lakini amekataza majina ya utani hewani. Anasema ni matusi. Kumwita mtu Kilema, Mfupi, Masikio, hayo ni ya porini. Majina ya karatasi tu. Umesikia?"

"Adeer, karatasi ina Mohamed kumi na watatu."

"Basi kazi ni rahisi. Ukisema Mohamed, hutakosea."

Kisha akanyoosha mkono. "Na lete lile daftari."

Lile daftari, msomaji, ndilo lililokuwa mtaji wa Abshir. Kabla ya kila mechi alizunguka kambi zote mbili, mchezaji kwa mchezaji, akiuliza swali moja: "Unaitwa nani na watu?" Si kitambulisho kinasema nini. Watu. Akaandika: Dheere, kwa sababu ni mrefu. Dhegweyne, kwa sababu ya masikio. Langare, kwa sababu anachechemea tangu alipoanguka mtini utotoni akichunga mbuzi, na bado hakuna beki Garissa anayemshika. Daftari la miaka saba. Leo kwa mara ya kwanza hakuzunguka. Lilikuwa mfukoni mwa Duale.

Miaka saba, jama! Alianzia kwenye banda la video, akitangaza juu ya mechi za Ulaya kwa wazee wasioelewa Kiingereza, malipo ni chai na sambusa moja. Ametangaza harusi. Ametangaza mnada wa ngamia, na ngamia mmoja akanunuliwa kwa sababu alimsifu mwendo. Kila mwaka Duale alimwambia, "Mwaka ujao, inshallah." Mwaka ujao ukija, unakuta Duale amesema vilevile. Na mkataba aliosaini ulikuwa wa kumfunga: miaka miwili bado imebaki, na hakuna kuondoka bila barua ya meneja.

Leo ndiyo ilikuwa leo. Na ona.

Kule uwanjani Edo Ebla alikuwa ameifikia machela, lakini wauguzi walikuwa wameizunguka, na wale mama wawili wengine walikuwa wamewazunguka wauguzi. Kila mmoja alikuwa analia mtoto wake. Kila mmoja alikuwa anamsukuma mwenzake.

"Toka, ni wangu huyu!"

"Wako ana miguu kama hii? Toka wewe!"

"Wallahi nitawamwagia maziwa nyote!"

Kando ya lango ilisimama gari nyeupe, Prado, vioo vimefungwa. Ndani yake alikaa Madam Amran. Tangu mechi ianze hakutoka. Abshir aliitazama ile gari, akaona taa za nyuma zikiwaka.

"Anaondoka," alisema Hani taratibu, na safari hii hakutania.

Abshir akaona miaka saba inarudi nyuma kinyumenyume, inatafuta njia ya kutokea langoni.

Akanyakua maikrofoni. Spika mbili zilizofungwa kwenye paji la lori zikakohoa uwanja mzima.

"Mama Langare!"

Uwanja ukanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa akilia aliacha katikati.

"Edo Ebla, ni Langare. Ni wako. Hajavunjika, amegeuza kifundo. Wengine wote wazima. Mama Dheere, mwanao yule pale golini amejificha nyuma ya nguzo, anaona haya. Mama Dhegweyne, wako yuko kwenye benchi, anakunywa maji, na masikio yake yote mawili yapo. Rudi ukamalize hina."

Ndivyo tu. Sentensi hizo chache. Mama Dheere alikwenda akampiga mwanawe kofi la mgongo kwa kuwa mzima. Mama Dhegweyne alicheka mpaka akajipaka hina usoni. Uwanja mzima ulicheka naye.

Edo Ebla peke yake hakucheka. Alifuatana na machela mpaka chini ya lori, akainua kichwa.

"Warya Abshir! Mguu gani imeumia?"

"Ule mzuri, Edo."

"Subhanallah! Si bora ingeumia ile ingine, ile imezoea!"

Akaketi kwenye kivuli cha gurudumu, akakipakata kichwa cha mwanawe, kiatu cha mpira kikiwa mapajani. Halafu akainua kichwa tena. Mama huyu, nakuambia, kama angesoma angekuwa jaji.

"Abshir. Abdi Mohamed Ali iko wangabi kwa karatasi?"

"Wanne, Edo."

"Sisi mama tumekuja watatu."

"Labda wa nne hakuwa na redio."

"Hakuna redio? Mimi nilisikia kwa redio ya jirani ya jirani. Mama gani wa Garissa anasikia mtoto imeanguka, haiji? Huyo wa nne ni mtoto ya nani?"

Abshir akaitazama karatasi. Abdi Mohamed Ali wa nne alikuwa jezi namba kumi na nne, Daraja FC. Ndiye aliyemfyeka Langare kifundo. Mnyamavu huyo. Tangu dakika ya kwanza hakuzungumza na mwenzake, hakubishana na refa. Mdomo ameufunga kama mkebe. Kichwa amenyoa, ndevu zimepakwa hina nyekundu, na vumbi la jioni lilikuwa machoni mwa Abshir moja kwa moja.

"Hani, namba kumi na nne unamjua?"

"Naona mgongo tu. Kwani yeye ni mbuzi nimjue kwa mgongo?"

Kabla hajauliza zaidi, lori lilitikisika. Ngazi ya nyuma ililia. Adeer Duale alikuwa anapanda.

Sijawaambia, lakini mnajua: Duale si meneja wa redio tu. Yeye ndiye mlezi wa Daraja FC. Jezi, viatu, maji, mpaka dua za kabla ya mechi, zote hupitia kwake. Akafika juu akihema, kofia imeteleza sikioni.

"Nilikuambia nini?"

"Adeer, mama wangeuana pale."

"Nilikuambia nini, Abshir!"

"Majina ya karatasi."

"Na umesema nini mbele ya mgeni? Langare! Dhegweyne! Umenivua nguo. Toka kwenye kiti. Umekwisha."

"Adeer, miaka saba..."

"Hata ingekuwa sabini! Lete hiyo."

Akamnyang'anya maikrofoni. Nusu ya uwanja ilikuwa imesikia, kwa sababu maikrofoni ilikuwa bado wazi.

Abshir akabaki amesimama na mkono mtupu. Hasira ilimpanda mpaka kwenye meno, lakini utamwambia nini mtu wa umri wa baba yako, mbele ya watu? Akampisha kiti.

Refa Adow akaanzisha mchezo. Duale akajituliza, akakohoa, akatangaza.

"Naam, wasikilizaji... Mohamed anampa Mohamed. Mohamed... huyu mwingine... anampa Abdi. Abdi anarudisha kwa, kwa Mohamed. La, amenyang'anywa na Mohamed. Mohamed wa upande ule. Hatari! Mohamed! Lo, Mohamed ameokoa."

"Mohamed gani?" alipiga kelele mtu jukwaani.

"Wote!" akajibiwa, na uwanja ukaangua kicheko kilichofika darajani.

Hani alikuwa ameuma shela yake asicheke. Machozi yalimtoka.

Taa za ile Prado zilizimika. Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mrefu mwenye miwani myeusi akashuka, akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi, akaja moja kwa moja kwenye lori. Akapanda ngazi peku kama mtu aliyekulia kwenye malori.

"Maikrofoni ya nani hiyo?" aliuliza Madam Amran.

"Karibu, madam, karibu sana!" Duale alifunika maikrofoni kwa kiganja. "Samahani kwa ule upuuzi. Kijana nimeshamfukuza. Yale majina machafu..."

"Majina gani?"

"Yale ya utani. Uliyoyakataza."

Madam Amran akavua miwani.

"Mimi nilikataza nini?"

Abshir akamtazama Duale. Duale akaitazama mbingu, akaiona haina msaada.

"Mzee," alisema Amran, "baba yangu Eastleigh nzima wanamwita Bidaar. Bidaar, mwenye upara. Duka lake limeandikwa Bidaar. Siku ya ndoa yangu shehe mwenyewe alisema binti Bidaar. Nikataze majina ya utani, halafu nirudi nyumbani nimwite nani baba?"

"Lakini asubuhi kwa simu..."

"Asubuhi kwa simu wewe ndiye uliniuliza kama si matusi. Nikakuambia fanyeni mnavyofanya siku zote." Akamgeukia Abshir. "Nimekaa ndani ya gari zaidi ya saa nzima nikijiuliza, huyu kijana anatangaza mpira au anasoma daftari la wapiga kura? Nikawasha gari niende zangu. Halafu nikasikia 'Mama Langare', uwanja mzima ukatulia kama umemwagiwa maji. Huyo ndiye ninayemtaka. Mbona umemficha?"

Msomaji, kuna hasira ya kuonewa, na kuna hasira ya kujua umeonewa na nani. Hii ya pili haina dawa dukani. Abshir alitaka kucheka, akataka kulia, akataka kumtupa mtu fulani kutoka kwenye lori.

"Adeer," alisema hatimaye. "Kwa nini?"

Duale akapangusa shingo.

"Keti," Amran alimwambia Abshir. "Nairobi wanatuunganisha sasa hivi. Dakika za mwisho nchi nzima inakusikia. Ukinipa kama ulivyowapa wale mama, Jumatatu uko studio kwangu." Akainua kidole. "Ila mimi mkataba wa mtu sivunji. Bila barua ya meneja wako ya kukuachilia, sikugusi. Nilishapelekwa kortini mara moja, inatosha."

Hani akainua vidole vitatu. Viwili. Kimoja.

Hewani.

Ah! Hapo ndipo alipofunguka. Alimtangaza Dheere akiruka juu ya watu kama mnara wa simu. Alimtangaza winga wa Daraja akimpita beki "kama mkwe anavyompita mkwewe sokoni, bila kumtazama usoni." Watu wa jukwaani waliacha kutazama mpira wakamtazama yeye. Kule mbali mpakani Lafey walisikia, Kutulo walisikia, na kule Nairobi, Amran alisema akiwa na simu sikioni, walikuwa wameongeza sauti.

Kila mchezaji alimpa jina lake. Kila mmoja, isipokuwa kumi na nne. Kila mpira ulipomfikia huyo, ulimi wa Abshir ulikwama. "Namba kumi na nne... anaye namba kumi na nne..." Kama jino lililong'oka, ulimi unarudi palepale.

Dakika ya themanini na nane. Zimebaki dakika chache adhana ya magharibi isikike, na refa alikuwa ameshaitazama saa yake mara mbili. Mchezaji wa Daraja akaingia ndani ya boksi, akaguswa kidogo hivi, akaanguka sana hivi.

Penalti!

Soko Mbuzi walimzunguka refa. Wakamwonyesha Kaaba iko upande gani ili aape. Refa akatikisa kichwa, akaweka mpira kwenye alama ya chokaa.

Na nani akauchukua? Namba kumi na nne.

Akarudi hatua nne. Akasimama. Kisha akafanya jambo dogo sana, ambalo mtu mwingine yeyote asingeliona: akasugua kiatu cha kulia juu ya soksi ya kushoto. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Abshir akafikicha macho, akatazama tena.

Mwaka jana. Rhamu, kando ya mto Daua. Alipelekwa kutangaza mashindano ya huko, siku tatu, vumbi mpaka kwenye chai. Kulikuwa na mshambulizi wa Rhamu mwenye nywele kama kichaka, aliyefunga penalti tano, na kila mara kabla ya kupiga alisugua kiatu mara tatu. Kila akifunga alicheka kwa uwanja mzima, na mdomoni jino moja la mbele lilimeta. Abshir ndiye aliyempa jina, pale pale hewani, na mji mzima ukalichukua. Ilkadahab. Jino la Dhahabu.

Jina lake la nyumbani ni Guled. Si Abdi. Si Mohamed. Na mama yake hakuja kwa sababu mama yake yuko Rhamu, safari ya siku nzima na zaidi, na redio hii haifiki kwake.

Na Kombe la Mto, kama kanuni zilivyobandikwa kwenye lango, ni la wachezaji wa Garissa peke yao.

Vipande vikaanguka mahali pake, kimoja kimoja. Nywele zimenyolewa. Mdomo umefungwa. Daftari limechukuliwa, ili Abshir asizunguke, asiulize lile swali lake moja. Majina ya karatasi tu! Kumbe si heshima ya Nairobi. Ni shuka la kumfunika mtu mmoja.

Alihisi pumzi sikioni. Duale alikuwa ameinama karibu naye, ana bahasha nyeupe mkononi, ameificha kwa koti Amran asiione.

"Umemjua," alinong'ona Duale.

Abshir alifunika maikrofoni. "Adeer, huyu ni wa Rhamu."

"Hii ni barua yako. Nimeisaini sasa hivi, mihuri yote. Sema Abdi Mohamed Ali, mara moja tu, umalize. Kesho uko Nairobi. Nani atakufa?"

"Na kifundo cha Langare je?"

"Kitapona! Kifundo hupona. Nafasi haiponi. Miaka saba, mwanangu. Utaingoja saba mingine?"

Abshir aliitazama bahasha. Wallahi aliitazama kama mtu mwenye saumu anavyotazama tende, na mwadhini bado anakohoa.

Na angesema. Nisiwadanganye, ulimi wake ulikuwa umeshaanza "Ab..."

Ndipo sauti ikapanda kutoka chini ya lori, kwenye kivuli cha gurudumu. Edo Ebla, kiatu cha mwanawe mapajani.

"Warya Abshir! Huyo anabiga ni nani? Nimekuuliza tangu saa ile. Ni mtoto ya nani?"

Swali la kawaida. Hapa kwetu hata mbuzi aliyepotea huulizwa hivyo. Na mtangazaji ana kazi gani nyingine duniani, kama si kuwaambia watu nani ana mpira?

Abshir akaondoa kiganja kwenye maikrofoni.

Kule uwanjani namba kumi na nne alikuwa ameanza kukimbia. Hatua moja. Mbili.

"Wasikilizaji," alisema Abshir, na sauti ikatoka spika zote mbili na redio zote za nchi, "anayepiga penalti hii, nimempa jina lake mimi mwenyewe kule Rhamu. ILKADAHAB!"

Hatua ya tatu.

Mtu humwiti kwa jina la karatasi akageuka. Lakini jina alilopewa na watu, analolipenda, lililoimbwa na mji wake wote? Kichwa cha namba kumi na nne kiligeuka chenyewe, kabla akili haijakikataza. Alitazama juu ya lori. Akamwona Abshir. Akasahau alikokuwa, maskini, akacheka lile cheko lake la Rhamu, mdomo wazi sikio hadi sikio, na jua la mwisho likapiga lile jino mpaka waliokaa jukwaa la mbali wakajikinga macho.

"Jino!" mtu alipiga yowe. "Jino la Rhamu!"

Jukwaa la Soko Mbuzi likainuka kama mtu mmoja. Benchi la Daraja likaketi kama mtu mmoja. Refa aliganda, filimbi mdomoni. Kipa alikuwa amesimama katikati ya goli, mikono kiunoni, akilitazama jino. Nyuma ya Abshir ilisikika bahasha ikichanwa, polepole, mara mbili, halafu mara nne.

Lakini mguu, ndugu zangu, mguu hauna masikio. Wakati kichwa kinageuka, mguu ulikuwa umeshafika. Abshir alisikia "pu!" ya kiatu na ngozi. Aliisikia vizuri sana. Hakuiona.

Alitazama golini. Wavu umetulia. Akatazama nyuma ya goli, kwenye alama, kwenye mikono ya kipa, juu angani. Watu maelfu walikuwa uwanjani, na wote walitazama jino. Miaka saba hajawahi kuondoa jicho kwenye mpira hata kupangusa jasho, na leo, nchi nzima ikiwa imeshika pumzi, ameliondoa mara moja tu.

Madam Amran aliinama, simu sikioni, uso umemkauka.

"Abshir," alisema. "Nairobi wanauliza. Mpira uko wapi?"